Wanachangamkia michezo, mtihani wanaanguka: ni shughuli gani hasa zinazofundisha hesabu?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Nafundisha Hisabati Kidato cha Pili na cha Tatu katika shule ya kata. Mkondo mmoja una wanafunzi 84. Projekta hatuna, na umeme ni wa kubahatisha. Kwenye semina tunaambiwa tufundishe kwa vitendo, basi muhula uliopita nikatengeneza kadi za mashindano: kundi linalojibu haraka linapata pointi. Darasa lilichangamka mpaka mkuu wa shule akaja kuchungulia dirishani. Mtihani wa mwezi ulipofika, waliokuwa wanafeli wakafeli vilevile. Naomba unisaidie: ni shughuli na miradi gani inayofundisha hesabu kweli, na muda wa kuifanya nautoa wapi wakati mada bado zinanidai?

Jibu: Marahaba, mwalimu, na pole kwa kazi. Kadi hizo nami nimewahi kuzikata kwa mkasi wangu mpaka saa nne usiku, kwa hiyo sikucheki. Ninachodhani kilitokea ni hiki: mashindano ya kasi huwapa kazi wale watano au sita wanaojua tayari. Kundi la watu kumi likiulizwa thamani ya x, mmoja anajibu, tisa wanapiga makofi. Hao tisa wamefurahi kwelikweli, ila hesabu hawajaigusa.

Siku hizi kabla ya kuingiza shughuli yoyote darasani najiuliza swali moja tu: kuna kitu hapa ambacho darasa litabishana kabla ya kukipima? Kama hakuna ubishi, hakuna atakayehitaji hesabu ya kuumaliza. Watoto wetu kubishana wanajua. Ubishi wa Simba na Yanga hauishi kwa sababu hauna fomula. Wewe watafutie ubishi wenye fomula. Wabashiri kwanza, kila mmoja aandike ubashiri wake kwa peni ili asije akaugeuza, ndipo wapime, ndipo wabishane tena wakiwa na namba mkononi. Nitakupa mifano ambayo nimeifanya kwa vitu visivyofika shilingi elfu kumi.

Anza na karatasi mbili za A4. Nenda ofisi ya taaluma uombe zile zilizochapwa upande mmoja, hazikosekani. Kunja ya kwanza iwe silinda ndefu nyembamba, ya pili iwe silinda fupi nene, kingo zikutane bila kupandana, ushike kwa selotepu. Uliza: ipi inabeba mchele mwingi zaidi? Wengi watasema ni sawa, kwani karatasi ni ile ile. Wachache watasema ndefu, kwa kuwa ni ndefu. Piga kura, andika matokeo ubaoni, usiseme neno.

Kisha simamisha silinda fupi kwenye sinia, ile ndefu uitumbukize ndani yake. Jaza ndefu mchele mpaka juu. Kilo moja inatosha. Sasa mwite mwanafunzi, hasa yule aliyebisha kwa sauti kubwa, aivute ile ndefu taratibu kwenda juu. Mchele unashuka na kutanda kwenye silinda fupi, na unaishia karibu sentimita 6 chini ya ukingo. Hapo kelele utakazozisikia ni za watu wanaotaka kujua kwa nini. Dakika hizo mbili tatu zina thamani kuliko kipindi kizima cha makofi, usizipoteze kwa kueleza wewe. Waambie wakokotoe.

Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Silinda ndefu ina mzingo wa 21 na kimo cha 29.7, ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 1,042. Ile fupi ina mzingo wa 29.7 na kimo cha 21. Ujazo ni kama 1,474. Kuna mwanafunzi atakayeona kwamba nusu kipenyo kinazidishwa chenyewe kwa chenyewe ilhali kimo kinaingia mara moja tu, ndiyo maana unene unashinda urefu. Asipotokea, uliza: "Katika fomula hii, nani anahesabiwa mara mbili?"

Usikomee hapo. Waambie wagawanye 1,474 kwa 1,042. Wanapata 1.41 na kidogo. Halafu wagawanye 29.7 kwa 21. Namba ile ile! Ni kipeuo cha pili cha 2. Kimefikaje kwenye karatasi ya ofisini? Wape karatasi nyingine waikunje katikati: nusu yake ina umbo lile lile la karatasi nzima, ila dogo. Upande mfupi ukiuita 1 na mrefu x, nusu ya karatasi ina pande 1 na x/2, na uwiano lazima ubaki ule ule, kwa hiyo x zidisha kwa x ni 2. Umefundisha maumbo yanayofanana na vipeuo kwa karatasi ambayo ingeishia kufungia maandazi. Kidato cha Pili wanaweza kubaki kwenye sehemu hii ya kukunja. Mahesabu ya ujazo uwawekee wa juu.

Mfano wa pili ni bao. Si lazima mjue kulicheza vizuri, na kwa kweli ukileta bingwa wa bao darasani kipindi kitaisha mkitazama mchezo. Unachohitaji ni mashimo 32 na kete 64, au chora miraba 32 sakafuni kwa chaki mtumie punje za mahindi. Uliza: nikiweka kete 1 shimo la kwanza, 2 la pili, 4 la tatu, kila shimo mara mbili ya lililotangulia, kete zangu zote 64 zitajaza mashimo mangapi? Ubashiri wa kawaida ni nusu ya bao. Anza kuweka: 1, 2, 4, 8, 16, 32. Mashimo sita tu, na mkononi imebaki kete moja. Mashimo 26 yako wazi.

Sasa ile kete moja ndiyo mwalimu. Mwambie mwanafunzi aiweke kwenye shimo la kwanza: zinakuwa 2. Azichukue zote azipeleke shimo la pili: zinakuwa 4. Azipeleke la tatu: 8. Aendelee hivyo, na atafika shimo la saba akiwa na kete 64 kamili. Amethibitisha kwa vidole kwamba jumla ya 1, 2, 4 mpaka 32 ni pungufu kwa moja tu ya 64, na hakuna aliyemwandikia fomula. Kidato cha Tatu ukija kuwaandikia fomula ya jumla ya mfululizo wa namna hii, watakuwa wanaitambua kama mtu wanayemjua.

Waulize kujaza bao zima kungehitaji punje ngapi. Jibu ni 4,294,967,295. Namba hiyo haimwambii mtu kitu, kwa hiyo igeuze kuwa magunia. Wapeleke vijana wawili dukani na punje mia wakazipime kwenye mizani. Ukichukulia punje mia zina gramu 30, bao zima linataka tani 1,288 na ushee, yaani zaidi ya magunia 12,800 ya kilo mia mia, mzigo wa malori 43 ya tani 30. Na yote hayo kwa kuanzia punje moja.

Kama darasa limeshika, funga na mkopo. Laki moja, riba asilimia 10 kwa mwezi, hulipi kitu mwaka mzima. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo peke yake, deni ni shilingi 220,000. Ikihesabiwa juu ya riba pia, linafika takriban 313,800. Wengi wana ndugu waliokopa kwa simu. Sijawahi kuona darasa linalosinzia kwenye hesabu hii, ila kuwa na busara, usimuulize mtu habari za kwao.

Sasa tutoke nje, na hapa lazima nikiri kosa langu. Miaka mingi iliyopita, katika shule nisiyoitaja, niliwatoa wanafunzi 60 wakapime urefu wa mwembe kwa kipimapembe, uzi na kijiwe. Unajua kifaa hicho: kipimapembe kimegeuzwa kichwa chini, kalamu tupu ya kuchungulia imegandishwa juu yake, uzi wenye kijiwe unaning'inia. Nilidhani nimebuni jambo. Walirudi na majibu ya mti ule ule kuanzia mita 4 hadi mita 38. Niliona aibu, nikawapa "jibu sahihi", nikafuta ubao. Huo ndio ulikuwa upumbavu, maana nilikuwa nimefuta somo lenyewe.

Mwaka uliofuata niliyaandika majibu yote ubaoni, kuanzia dogo hadi kubwa, nikauliza: yapi tuyatupe, na kwa sababu gani? Ruhusa ya kutupa ilikuwa kwa anayeweza kuonyesha kosa lilikoingilia. Kundi moja lilisimama mita 20 kutoka kwenye mti, likapata pembe ya digrii 35, likajibu mita 11.5. Baada ya dakika kumi wenzao wakagundua kwamba walisoma sine badala ya tanjenti kwenye jedwali. Walipotumia tanjenti wakapata 14.0. Kundi lingine likasema bado: uliyechungulia una macho, na macho hayako ardhini, ongeza mita 1.5. Ikawa 15.5. Waliosimama kwenye mteremko nao wakajitetea wenyewe. Majibu yaliyosalia tukayatafutia wastani na namba ya katikati, na mada ya takwimu ikawa imeanza bila mimi kuitangaza. Kwa hiyo usiogope majibu yanayotofautiana. Ogopa makundi yote yakirudi na jibu moja, hapo wamenakiliana.

Uwanja wa mpira wa pete unafaa kwa nadharia ya Pythagoras, na mwalimu wa michezo atakushukuru. Vipimo vyake ni mita 30.5 kwa 15.25. Yape makundi kamba na vigingi, uwaambie waweke pande nne zenye vipimo hivyo, basi. Wakimaliza, uliza kama huo ni mstatili. Watasema ndiyo, pande zinazotazamana ziko sawa. Wapime mshazari mmoja, kona hadi kona, halafu wa pili. Mara nyingi mmoja unauzidi mwingine kwa nusu mita au zaidi, wamechora msambamba! Mshazari unaotakiwa wataukokotoa: mita 34.1. Watasogeza vigingi mpaka mishazari yote miwili ifike hapo, na kona zitanyooka zenyewe. Kama kuna fundi ujenzi jirani, mwalike aje na kamba yake aonyeshe anavyopata kona ya msingi kwa 3, 4 na 5. Mafundi wengi wanaifanya kila siku bila kujua jina la Pythagoras, na mwanafunzi ambaye baba yake ni fundi ataketi siku hiyo akiwa amenyoosha mgongo.

Mradi mkubwa mmoja kwa mwaka unatosha, na kama nitakuchagulia, chagua wa kivuli. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Eratosthenes, mwanazuoni wa Alexandria huko Misri, alilinganisha jua la adhuhuri la mji wake na la Aswan, akapata tofauti ya digrii 7.2, yaani sehemu moja ya 50 ya duara, na kwa hiyo akakadiria mzingo wa dunia. Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa kijiti cha mita 1 na simu ya rafiki yako aliyepangiwa mkoa wa mbali.

Tarehe ni karibu na 23 Septemba, jua linapokuwa juu ya Ikweta. (Machi 21 nayo inafaa, lakini sehemu nyingi ni masika, mtaishia kupima mawingu.) Siku hiyo, kivuli kifupi kuliko vyote cha mchana kinakupa latitudo yako: gawanya urefu wa kivuli kwa urefu wa kijiti, hiyo ni tanjenti ya pembe. Mwanza, karibu digrii 2.5 Kusini, kivuli ni kama sentimita 4.4. Songea, karibu digrii 10.7, ni kama 18.9. Tofauti ni digrii 8.2. Kwenye ramani ya atlasi pimeni umbali wa kwenda kaskazini-kusini tu, si wa barabara. Ni takriban kilomita 900. Zidisha 900 kwa 360, gawanya kwa 8.2: kilomita 39,500 hivi. Mzingo halisi kupitia ncha za dunia ni karibu 40,000. Mtoto wa Kidato cha Tatu ameipima dunia akiwa amesimama nyuma ya jiko la shule.

Mambo mawili yatawasumbua, na yote mawili yana hesabu ndani yake. La kwanza, kivuli kifupi hakitokei saa sita kamili. Saa zetu zinafuata longitudo ya digrii 45 Mashariki, na Dodoma, kwa mfano, iko karibu na 36. Kila digrii ni dakika 4. Kwa hiyo wekeni alama ya ncha ya kivuli kila dakika tano kuanzia saa 6:00 hadi saa 7:15 mchana, mchague kilicho kifupi. Kabla ya hapo wabashiri kitatokea saa ngapi, utaona wanavyobishana. La pili, kosa la sentimita moja kwenye kivuli cha kijiti cha mita moja ni zaidi ya nusu digrii, sawa na kilomita 60 na kitu ardhini. Waulize wafanyeje. Kuna atakayesema tutumie kijiti kirefu zaidi, na atakuwa amejifunza jambo kuhusu vipimo ambalo silaumu vitabu kwa kutoliandika, maana linaingia vizuri zaidi ukiwa juani. Mkichelewa siku moja, shule zote mbili zipime siku hiyo hiyo. Kosa linajifuta kwenye tofauti.

Shughuli ndogondogo nitazipitia upesi. Kwa uwezekano, tumia vizibo vya soda badala ya sarafu: sarafu kila mtu anajua ni nusu kwa nusu, kizibo hakuna anayejua kitaangukia upande gani mara nyingi zaidi, kwa hiyo ubishi upo. Kila kundi likirusha mara 50, makundi 14 yanakupa mirusho 700, na uwiano unaotulia kadiri mnavyojumlisha ndio somo. Kwa takwimu, hesabuni bodaboda, bajaji na daladala zinazopita kwa dakika 20, lakini waambie kabla nani anahitaji takwimu hizo, labda mama anayetaka kujua aweke meza yake ya chapati upande gani wa barabara. Kwa milinganyo, kiberiti chenye njiti zilizofichwa ni x nzuri kuliko x ya ubaoni: viberiti viwili na njiti 3 huku, njiti 11 kule, idadi ya njiti pande zote mbili ni sawa, kila kiberiti kina ngapi? Michoro ya kanga kwa mageuzi ya kijometri inapendeza, ila nikwambie ukweli, mara nyingi inaishia kuwa kipindi cha kuchora maua.

Sasa muda, na wale 84. Makundi 14 ya watu sita. Mstari wa mbele ugeuke kutazama wa nyuma, madawati yasihamishwe. Ndani ya kundi, anayeandika asiwe anayepima, na atakayeeleza mbele umteue wewe dakika ya mwisho, ili wote sita wajiandae. Kipindi cha dakika 40: tano za kubashiri, kumi na tano za kufanya, kumi za kubishana, kumi za mwisho usiziguse kwa chochote isipokuwa kuandika. Hizo kumi ndizo zilizokosekana kwenye kadi zako. Kila mwanafunzi, peke yake, kimya, anajibu swali la namna ya mtihani lenye hesabu ile ile bila mchele wala kamba: silinda mbili kwenye karatasi, mshazari wa mstatili, jumla ya mfululizo. Asipoweza, shughuli haijafika, na umejua leo badala ya mwisho wa mwezi.

Lugha nayo usiisahau. Mtihani uko kwa Kiingereza, na wengi wa hao 84 wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Waache wabishane kwa Kiswahili chao chote, hata cha mtaani. Kwenye dakika kumi za kuandika ndipo uwape maneno ya Kiingereza yanayotakiwa, manne au matano ubaoni, si zaidi. Anayekatazwa kubishana kwa lugha anayoijua hukaa kimya, na ukimya huo tunauandikia "hajui hesabu".

Kuhusu mada zinazokudai: usifanye kila wiki. Shughuli moja kila wiki mbili, mahali unapoona darasa linakwama kila mwaka, na huo mradi mmoja wa kivuli. Silinda ilikuwa ikinichukua vipindi vitatu kuifundisha na kuirudia. Kwa mchele ilichukua viwili, kimoja nikabaki nacho mkononi. Mkuu wa shule mwambie mapema siku ya kelele ni ipi, na umwalike apige kura ya silinda pamoja na wanafunzi. Wangu alisema ndefu.

Kwa Jumatatu tafuta karatasi thelathini zilizotumika upande mmoja, selotepu, sinia, na kilo moja ya mchele. Makundi yatumie mchanga mkavu, mchele ubaki wa mezani kwako, na usimkabidhi mpishi kabla mkondo wa B haujaingia.